Orodha ya Kontena Ambalo Sikulifungua

Kuna Jumanne moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, katibu wa usharika wetu huku milimani upande wa Chome. Nilikaa ofisini mbele ya taipureta tangu asubuhi, nikapiga karatasi mbili za orodha ya vitu vilivyokuwa ndani ya kontena lililokuwa baharini likija Dar es Salaam. Vitanda vya wagonjwa sita. Magodoro sita. Mashine ya oksijeni moja. Mashuka, mablanketi, vifaa vya kufungia vidonda. Nikagonga muhuri wa usharika pale chini, nikapuliza wino ukauke. Ilikuwa orodha nzuri, safi, isiyo na kosa hata moja la taipu. Lakini sikujua kilichomo katika kontena lile zaidi ya unavyojua wewe unayenisoma sasa.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja mkunga, Mama Naetwe. Tulimwita hivyo kwa sababu ya binti yake wa pekee, Naetwe. Mama huyu alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na kila kijana wa tarafa ile aliye chini ya miaka ishirini alikuwa ametua kwanza mikononi mwake. Umeme ulipofika kijijini, watu walifikiria redio na pasi. Yeye alikuja ofisini kwangu siku ileile, aproni yake bado ina maji, akasema, "Katibu, sasa naweza kuomba mashine ya oksijeni. Waandikie wale rafiki zetu Wajerumani. Watoto wanaozaliwa wamechoka wananifia njiani kwenda Same. Nawapulizia hewa na ule mpira wa kubana kwa mkono, wanaamka, halafu barabara inawamaliza."

Nikaandika. Usharika rafiki wa Ujerumani ukajibu kwamba watatuma, na kwamba watu wao wamechangamka mno, wanakusanya vitu vingi, mashine itakuja pamoja na zawadi nyingine ndani ya kontena moja. Tukamshukuru Mungu kanisani kwa nyimbo mbili.

Baada ya miezi kadhaa zikaja karatasi. Kulikuwa na hati ya shehena, ambayo ndiyo inayoonyesha kontena ni la nani na limepakiwa meli gani. Kulikuwa na barua ya kusema kwamba vitu ni zawadi, haviuzwi. Na kulikuwa na karatasi ya tatu, ndogo, yenye mistari minne tu: vifaa vya zahanati, nguo, vitu vya watoto, mengineyo. Masanduku arobaini na sita.

Nilishuka Same nikampigia simu wakala wetu wa forodha, Bwana Hamisi, mtu wa Dar aliyekubali kututolea mzigo kwa bei ya hisani. Nikamsomea ile mistari minne. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Mengineyo! Katibu, forodha hawajui mdudu anaitwa mengineyo. Mimi nataka sanduku namba moja lina nini, vingapi, uzito gani, kipya au kilichotumika. Kama kuna dawa, jina la dawa na tarehe ya kuisha muda wake. Barua ya msamaha wa kodi inasimama juu ya orodha hiyo. Bila orodha hakuna msamaha."

"Nitaipataje?"

"Si uwaulize waliofunga? Waandikie leo. Wana mikono, wataandika."

Lilikuwa jambo la barua pepe moja. Pale Same kulikuwa na duka la intaneti jirani na stendi, na nilikuwa nimesimama mita mia moja kutoka mlangoni pake. Sikuingia. Nilijiambia kwamba jambo kama hilo lazima lipite kwanza kwa wazee wa kanisa.

Na hapo, mwanangu, ndipo nataka uelewe vizuri watu wetu, maana bila kuelewa hilo utaniona mpumbavu tu. Huku kwetu mtu akikuletea kitu kilichofungwa, unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakiweka ndani. Hukifungui mbele yake. Humwulizi kuna nini. Kumwuliza ni kama kumwambia, nataka kupima kama umeleta cha kutosha. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa sababu nilichungulia kikapu cha shangazi kabla hajaondoka.

Nilipoeleza jambo lile kwenye kikao, Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alinitazama kama ninayetaka kuiba sadaka.

"Unataka tuwaandikie wageni watuhesabie zawadi yao? Sanduku moja moja?"

"Ndivyo wanavyotaka forodha, mzee."

"Forodha hawakulelewa na mama yako. Watasemaje kule? Kwamba Wapare hata kabla hawajapokea wameshaanza kukagua?"

Mama mmoja wa kwaya akadakia, "Na sifa za kuhesabu tunazo tayari, Katibu, usituongezee." Watu wakacheka. Unajua tunavyotaniwa na makabila mengine kwa ubahili wetu. Utani ule ulifunga mjadala kuliko hoja yoyote.

Mzee Eliezeri akamaliza: "Wewe umesoma. Barua ya kuomba uliandika wewe. Unajua tuliomba nini. Andika."

Nikaandika. Nilichukua nakala ya barua yetu ya maombi, nikaigeuza kuwa orodha ya vilivyomo. Tulichoomba nilikiandika kana kwamba ndicho tulichotumiwa. Masanduku yalipobaki mengi kuliko vitu, niliyagawia mashuka.

Kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya Mzee Eliezeri. Nilikuwa nikisimulia habari hii nikifika hapo nasema, wazee walikataa. Lakini mzee yule alikuwa hajawahi kuona hati ya shehena maishani mwake. Alisema alichofundishwa. Aliyezungumza na wakala ni mimi, na aliyejua tofauti ya zawadi na shehena ni mimi. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kuchekwa tena.

Meli ilifunga gati mwezi wa pili. Wiki ya tatu nikaitwa Dar kwa haraka: kontena limechaguliwa kukaguliwa kwa mikono, mwenye mzigo awepo. Nilivaa suti. Bwana Hamisi alinipokea, akanipa kofia ngumu, tukaingia yadini. Lakiri ikakatwa, milango ikafunguliwa.

Vitu vya kwanza kushuka vilikuwa baiskeli za watoto. Tisa. Ofisa forodha, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akatazama karatasi yangu, akatazama baiskeli, akaweka alama ya kalamu pembeni. Kikafuata kinanda cha kwaya. Kikafuata cherehani. Masanduku ya vitabu vya hadithi vya Kijerumani. Nguo, na katikati yake nguo za ndani zilizovaliwa, ambazo haziruhusiwi kuingia nchini. Makuli wakaziinua kwa ncha ya fimbo na kuulizana zipi ni saizi ya Katibu. Halafu masanduku manne ya dawa. Nyingine zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja. Nyingine zilikuwa zimekwisha muda kabla ya meli kung'oa nanga.

Na sanduku la thelathini na moja lilikuwa na mashine za oksijeni. Si moja. Mbili. Niliziona kwa macho yangu, ndani ya plastiki, zina magurudumu madogo meupe. Niliishika moja kwa kiganja. Kitanda hata kimoja hakikuwamo.

"Mama," nilimwambia yule ofisa, "hizi mbili si tunaweza kuzitoa kwanza? Ni za zahanati. Kuna watoto wanazihitaji."

Alivua miwani. Hakuwa mkali. Nakwambia ukweli, afadhali angekuwa mkali.

"Katibu, wewe ni mtu wa kanisa, sikudhanii wizi. Lakini hapa umeandika mlichotamani, hukuandika kilichomo. Ungeniletea karatasi inayosema sijui, ningekupa muda ukaulize. Umeniletea inayosema najua, na muhuri juu yake. Sasa hata mstari ulio wa kweli siwezi kuuamini."

Akanieleza yatakayofuata, kwa mpangilio, akihesabu kwa vidole. Orodha mpya itoke kwa waliofunga. Dawa zipate kibali chake peke yake, na zilizokwisha muda ziteketezwe kwa utaratibu. Barua ya msamaha iombwe upya, kwa sababu ile ya kwanza ilitaja vitu ambavyo havipo. Na kila siku kontena likikaa, gharama ya yadi inapanda.

"Itachukua muda gani?"

"Ukianza leo na usidanganye tena, miezi mitatu. Labda minne."

Usiku kucha ndani ya basi nilipanga namna ya kuwaeleza watu. Nilikuwa na maneno yote. Nilipofika juu, wa kwanza kukutana naye ni Mzee Eliezeri, akaniuliza kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kusaga mahindi, "Katibu, mzigo?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Uko njiani, mzee."

Hilo neno liliniponya kirahisi, mwanangu, hata nikalizoea. Kisirisiri nilishuka Same nikaandika ile barua pepe ambayo ningeiandika miezi kabla. Wajerumani walijibu siku ya pili tu. Hawakukasirika. Waliomba radhi kwa kutotuma orodha kamili mapema, wakasema walisubiri tuiombe, waliona haya kutuelemea na makaratasi. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama dukani. Huku tulikuwa tunawaonea haya, na kule walikuwa wanatuonea haya.

Juu mlimani watu wakajiandaa kupokea. Baragumu la msaragambo, kazi yetu ya pamoja, likapigwa, nyumba zote zikatoa mtu na jembe, tukajaza mawe kwenye zile kona mbili mbovu ili lori lipite. Nilibeba mawe pamoja nao. Mzee mmoja alinipiga begani akasema, "Leo Katibu naye anatoka jasho!" Wiki mbili baadaye mvua ilizizoa kona zile, wakarudi kuzijaza tena, kwa ajili ya lori nililojua haliji.

Mwezi wa tatu ulipoanza kuisha, Mama Naetwe alikuja ofisini. Hakukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja, na nataka jibu la kweli. Naetwe amekuja kutoka Moshi. Anataka kujifungua uzazi wa kwanza kwangu. Amebakiza wiki tatu, na mtoto simpendi alivyokaa. Kama mashine inafika kabla ya hapo, atakaa. Kama haifiki, namshusha kesho Same akae kwa mdogo wangu karibu na hospitali, kabla barabara haijafunga. Mashine inafika?"

Hakunificha uzito wa swali. Aliliweka mezani kama mtu anavyoweka kipimo. Ningesema hapana, angefunga mzigo wa binti yake jioni ileile. Ningesema sijui, pia angeufunga. Lakini hapana ingezaa kwa nini, na kwa nini ingefika kwenye ile orodha, na muhuri, na kona mbili zilizojazwa mawe mara mbili.

"Inafika, mama," nikasema. "Kabla ya wiki tatu kwisha itakuwa hapa."

"Una hakika?"

"Nimetoka kuongea na wakala."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka akiimba pambio.

Naetwe alishikwa na uchungu asubuhi ya Alhamisi, mvua ikiwa inanyesha kwa siku ya nne. Mtoto alitoka saa sita mchana, wa kiume, amechoka, wa rangi ya majivu. Bibi yake alimpulizia na ule mpira wa siku zote mpaka akalia, kilio kidogo kama cha paka. Alihitaji hewa ya mashine. Gari la mwalimu mkuu likatafutwa. Walifika kona ya kwanza wakakuta udongo wa kilima chote umelala barabarani. Wanaume wakateremka wakachimba, nami nikachimba pamoja nao, nikiwa sithubutu kugeuka kutazama ndani ya gari. Mama Naetwe alikuwa amekaa kiti cha mbele, anabana ule mpira na kuuachia, anabana na kuuachia, akihesabu kwa sauti. Tukiwa tumefungua nusu ya njia, hesabu ikanyamaza.

Tulimzika siku iliyofuata kwenye migomba nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wachache kwa sababu ya mvua. Wakati tunaosha majembe, Mama Naetwe alinijia. Wote walisikia.

"Katibu, mashine iko wapi?"

"Bandarini, mama."

"Imezuiwa lini?"

"Mwezi wa pili."

Alifikiri kidogo, midomo ikitembea, nikajua anahesabu wiki. Akasema polepole, bila hasira, "Basi siku nilipokuuliza ulikuwa unajua." Halafu akaongeza, "Ningeweza kulibeba jibu baya, mwanangu. Kazi yangu ni kubeba majibu mabaya. Ungeniachia tu nilibebe."

Hakunilaani. Hakunisema kanisani. Mzee Eliezeri, maskini, ndiye aliyesimama Jumapili akasema kosa ni lake, alizuia wageni wasiulizwe. Nilikaa kwenye benchi nikamwacha aseme.

Mashine zilipanda mlima mwezi wa nane, mbili, na magurudumu yake meupe. Mama Naetwe aliwasha ya kwanza kwa mkono wake, akaweka kiganja kwenye mrija akahisi upepo. Miaka yote aliyobaki aliwahudumia kwayo watoto wa watu, akiwamo binti yangu wa kwanza. Mimi nikimwamkia aliitika "Marahaba," na zaidi ya hapo hakuongeza. Ile "mwanangu" haikurudi.

Alipostaafu alihamia Usangi, kwa Naetwe, aliyekuwa ameolewa na kupata watoto wengine wawili. Nilimfuata huko mara moja. Nilishuka mpaka Mwanga, nikapanda bodaboda, njia nzima nikirudia maneno ya kuomba msamaha. Alinikaribisha vizuri, akanipakulia makande, akaniuliza habari za mvua na bei ya maharage. Kila nilipofungua mdomo kuanza, alisukuma kikombe mbele yangu: "Kunywa chai, Katibu, itapoa." Nilikunywa vikombe vitatu. Nikaaga. Mwaka uliofuata nikasikia amefariki.

Nayaandika haya kwa sababu juzi kijana wa kikundi chetu cha tangawizi alinionyesha fomu kwenye simu yake. Wanapeleka mzigo Kenya. Mahali pa kueleza mzigo umetoka shamba la nani, alikuwa amejaza jina moja kwa magunia yote, na mahali pa ukaguzi wa afya ya mimea alikuwa ameweka alama kabla mkaguzi hajafika.

"Hujauliza magunia ya akina mama wa kule juu yametoka wapi?"

"Ah, mzee wangu, nitawaulizaje? Si wataona siwaamini? Halafu siku hizi ni mfumo tu, ukibonyeza unapita."

Alinishangaa nilipokataa kutia sahihi. Nadhani aliniona mzee mgumu.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe na yeye. Karatasi ya forodha ni kama kuitwa shahidi. Andika ulichokiona kwa macho yako. Usichokiona, kauliza, hata kwa mtu unayemheshimu, hata kama mkutano mzima utakucheka. Heshima ya kutouliza ni nzuri sebuleni mgeni anapoleta kikapu. Usiingie nayo bandarini wala mpakani. Mahali usipojua, andika hujui, na uwe tayari kungoja. Ukishakosea, rudi siku hiyohiyo useme umekosea, ungali na kosa moja tu. Na mtu akikuuliza mzigo wake umefika wapi, mjibu upesi na umjibu kweli, kwa maana hujui anapanga nini juu ya jibu lako. Huenda ana binti ndani amebakiza wiki tatu.

Mungu akupe macho ya kutazama kabla ya kuandika, na uso usioogopa kuchekwa. Akujalie watu wanaokuita mwanangu, na usiione kamwe siku ya kuwasikia wakiacha. Mizigo yako ivuke salama, na wote wanaoisubiri uwakute wazima.